Ni kweli wafugaji wa Marekani walilipwa kwa kila ng'ombe wakati wa korona? Na zetu zilienda wapi?

WaruNjoro aliandika:

Wadau habari zenu. Niko na swali na tafadhali asinijibu mtu kwa siasa, nataka mwenye anajua.

Kuna binamu yangu alienda Marekani kitambo, sahii ni mtu wa ranchi huko Nebraska, kaunti inaitwa Cherry. Ananiambia ni kaunti kubwa ajabu lakini watu hata elfu sita hawafiki, ng'ombe ndio wengi. Juzi tukiongea kwa simu vile maisha yamekuwa magumu akaniambia ati 2020 korona ikiingia mdosi wake alilipwa na serikali kwa kila ng'ombe. Si mkopo, si mbolea, pesa kwa akaunti, na si mara moja. Nikamwambia aache mchezo, akaapa.

Sasa mimi nikakumbuka huku. Hiyo 2020 waru yangu (viazi) ilikuwa imekomaa shambani, mwezi wa nne Nairobi ikafungwa, wauza chipo wamefunga, shule zimefungwa, broka mwenye hunichukulia kila msimu akazima simu kabisa. Akaja mwingine simjui na mukorino zake, yale magunia ya kushonewa juu mpaka yanapita kimo cha mtu, akasema mia tisa gunia na kama sitaki niwapee ng'ombe. Niliuza, ningefanya nini na waru haingojei ugonjwa uishe. Maziwa nayo, yule wa hoteli pale tauni aliniambia nisilete hadi anipigie. Nangoja hiyo simu hadi leo.

Na kwa redio tulisikia Rais Uhuru akitaja bilioni za wakulima. So nauliza, hii stori ya ng'ombe wa Nebraska ni ukweli? Na kama ni ukweli pesa zilitoka wapi, na hizi zetu za redio alipata nani?

MalavaIowa aliandika:

Binamu yako hakudanganyi ndugu. Mimi kwetu ni Malava lakini niko Iowa miaka mingi, nafanya kazi kwa maghala ya nafaka kwa hivyo wakulima ndio naongea nao kutwa, na hiyo 2020 hawakuwa na hadithi ingine.

Mpango uliitwa Coronavirus Food Assistance Program, wote wanaita CFAP. Ulitangazwa 17 Aprili 2020, dola bilioni 19 kwa jumla. Bilioni 16 za kulipa wakulima moja kwa moja, bilioni 3 za kununua nyama, maziwa na mboga na kugawia wenye njaa kwa makatoni. Ukiuliza zilitoka wapi, bilioni 9.5 zilikuwa kwa ile sheria kubwa ya korona Trump alisaini 27 Machi, CARES Act, hizo zingine 6.5 zikatoka kwa shirika la serikali linaitwa Commodity Credit Corporation ambalo liko tangu 1933. Angalia hapo vizuri, mfuko ulikuwa tayari kabla korona kuzaliwa, kazi ilikuwa ni kuujaza tu.

Na shida yao ilifanana na yako kuliko unavyodhani. Shule na mahoteli yakafungwa, maziwa Wisconsin yakamwagwa. Halafu mwezi wa nne viwanda vya kuchinja vikaanza kufunga kwa sababu wafanyakazi wanaugua, kile kikubwa cha nguruwe Sioux Falls, hapa Iowa kile cha Waterloo. Nguruwe ni kama waru yako, akikomaa hangoji, wengine waliuawa wakafukiwa tu na hapo ni mtu amewalisha miezi.

Sasa ng'ombe. Tuseme huyo mdosi alikuwa na ng'ombe 300 wa kawaida wa ranchi kati ya 16 Aprili na 14 Mei 2020. Kila mmoja dola 33, hiyo ni dola 9,900, kwa bei ya dola ya wakati huo ni kama milioni moja ya Kenya na kitu juu. Walilipwa kwanza asilimia 80, iliyobaki ikafuata. Septemba ikaja CFAP ya pili, hiyo ilikuwa dola 55 kwa ng'ombe wa nyama lakini wale wa kuzalisha hawahesabiwi. Halafu Machi 2021 wakaongezewa kwa hesabu ileile ya mwanzo, kwa hao ng'ombe wa kawaida ni dola 17.25 kila mmoja, na hapo hata hakuna fomu mpya mtu alijaza, iliingia tu. Kikomo kilikuwa dola 250,000 kwa mtu mmoja kwa kila awamu.

Ndio maana alikuambia si mara moja.

KaptembwoFinest aliandika:

Wueh. Ng'ombe wa Nebraska dola 33 ni kama 3,500. Shosho yangu wa miaka 70 na kitu Inua Jamii, ile pesa ya serikali ya wazee, ni 2,000 kwa mwezi na hiyo ikichelewa inachelewa miezi. Naomba nizaliwe tena nikiwa na pembe.

WaruNjoro aliandika:

😂😂 wewe

Lakini MalavaIowa asante, sasa kuna kitu sielewi. Nani alienda kuhesabu hao ng'ombe? Kaunti nzima wanakaa mbali mbali, korona iko, watu hawatoki. Hapa ukisema utalipa kwa ng'ombe kesho yake boma lenye lilikuwa na watatu liko na kumi na tano, wa jirani, wa shemeji, na mbuzi wawili wamevalishwa kengele.

MalavaIowa aliandika:

Hakuna aliyehesabu. Mkulima alijaza fomu akaweka sahihi kwamba hii ndiyo idadi, hati za kuonyesha alikaa nazo nyumbani, wanakagua wachache wachache baadaye. Ukidanganya ukashikwa unarudisha na unaweza kushtakiwa.

Lakini hiyo inawezekana kwa sababu moja. Wizara ya kilimo ya huko iko na kitengo kinaitwa Farm Service Agency, na karibu kila kaunti ya wakulima iko na ofisi yake. Mkulima wa kawaida tayari ana faili pale, shamba lina namba, kila mwaka anaripoti amepanda nini ekari ngapi, akaunti ya benki wanayo. Korona ilipokuja ofisi zilifunga milango, watu wakafanya kwa simu na barua pepe. Kuanzia tarehe 26 Mei walianza kupokea maombi, yaani wiki kama sita tu tangu itangazwe. Huwezi kufanya hivyo kama unaanza na daftari tupu.

Na usidhani walifurahi wote. Kulikuwa na kitu ya tarehe. Maksai aliyenona na akauzwa kati ya 15 Januari na 15 Aprili alilipiwa dola 214. Mwenye hakuuza, akabaki naye nyumbani akila, analipwa 33. Sasa watu wa ranchi kama hao wa Cherry kawaida wanauza ndama wakati baridi inaanza, Oktoba huko, kwa hivyo wengi walijikuta kwa 33. Walilalamika sana, wakasema pesa nono imeenda kwa wenye kunenepesha ng'ombe kwa mazizi makubwa na wao wenye kuzaa ndama wamebaki na makombo.

ExUgani aliandika:

Kijana wa Njoro, shikamoo zako nimezipokea hata kama hukunipa.

Mimi nilikuwa afisa wa ugani hadi nikastaafu, miaka mingi nimekula vumbi ya hizo barabara za Mauche na Mau Narok, kwa hivyo upande wetu naweza kukuelezea kidogo.

Hotuba uliyosikia kwa redio ni ya tarehe 23 Mei 2020. Rais alitangaza mpango wa kuinua uchumi wa shilingi bilioni 53.7, wenye mambo manane. Ya kilimo ilikuwa hivi: bilioni 3 za pembejeo kwa vocha ya simu, kwa wakulima wadogo 200,000, na bilioni 1.5 kuwasaidia wenye maua na mboga wafikie masoko ya nje. Hiyo ya pili unajua mwenyewe ilielekea wapi, angalia upande wa Naivasha kwenye mashamba makubwa ya maua. Sasa gawanya hiyo bilioni 3 kwa watu laki mbili, unapata wastani wa shilingi 15,000 kila mtu. Na wakulima wadogo nchi hii ni mamilioni. Kwa hivyo usipomjua hata mmoja aliyepata, si lazima iwe imeibwa, hesabu yenyewe haikuwa ya kumfikia kila mtu.

Lakini kuna jambo ambalo ndilo kubwa na naona watu wanalipita. Ile pesa ya Marekani ilikuwa inalipa hasara. Waliangalia bei ya katikati ya Januari na bei ya katikati ya Aprili, bidhaa ambayo bei yake ilianguka kwa asilimia 5 ama zaidi ndiyo ikaingia kwa orodha. Yaani serikali inamwambia mkulima, kile ulichokuwa nacho kimepoteza thamani, shika hiki. Vocha yetu haikuwa ya hasara. Vocha ni ya kupanda. Haigeuzwi kuwa pesa, unaenda nayo kwa agroveti unatoka na mbegu na mbolea. Wewe uliyeuza waru mia tisa, hasara yako haikuwa kwa karatasi yoyote ya serikali, wala haikutafutwa. Uliambiwa panda tena.

Mambo mengine yaliyotangazwa tarehe 25 Machi hayakukugusa pia. Ushuru wa mshahara kuondolewa kwa wanaopata hadi 24,000, hiyo ni ya mwenye payslipu. VAT kushuka kutoka 16 hadi 14, hiyo ilidumu hadi Desemba. Bilioni 10 za wazee, yatima na wasiojiweza, hiyo nzuri, lakini mkulima mwenye nguvu zake hayumo. Kazi Mtaani, vile vibarua vya usafi vilivyokuja baadaye, ilikuwa ya vijana wa mitaa ya mabanda, Nakuru na Kisumu walipata, wa shambani hapana.

Kwa nini hawakulipa hasara? Pesa haikuwa nyingi, hilo kweli. Lakini hata ingekuwepo, wangelipa nani? Mwaka huo ungeniuliza wadi yangu ina ng'ombe wangapi wa maziwa ningekupa kadirio la mezani. Tulikuwa tunachukua hesabu ya sensa tunaongeza kidogo kila mwaka, basi. Nani alikuwa na waru ekari ngapi mwezi wa nne? Anajua yeye, mke wake na broka.

WaruNjoro aliandika:

Shikamoo mzee, nisamehe, nilikuwa sijakuona 🙏

Hii ya hasara na kupanda imeniingia. Kweli mimi mbegu nilikuwa nayo, hata waru ya kubagua nilikuwa nimeweka, kitu sikuwa nayo ni ile pesa ya fees na ya kulipa deni la dawa kwa agroveti. Dawa ya baridi, ule ugonjwa wa kuchoma majani ya waru, unajua vile inakula pesa, unapiga kila wiki mvua ikizidi.

AheroMchele aliandika:

Sisi wa Kano huku Kisumu hata korona tunaikumbuka kama mgeni wa pili. Wa kwanza alikuwa maji. Aprili na Mei hiyo hiyo ya 2020 mto Nyando ulivunja kingo, mpunga ukalala ndani ya maji, watu wakahamia shule ambazo zilikuwa zimefungwa na korona, sasa hapo mwambie mtu akae mbali na mwenzake mita moja na wako familia nne kwa darasa. Halafu 2021 mwezi wa sita tukawekewa kafyu ya saa moja jioni, kaunti 13 za huku ziwani na magharibi, na mchele sisi kina mama tunauzia barabarani wakati watu wanatoka kazi. Saa kumi na mbili unaanza kufunga, saa kumi na mbili na nusu unaogopa.

Kwa hivyo mkisema vocha mimi nasikia tu. Ningepewa mbolea ningeimwaga wapi, kwa bwawa?

Mzee ExUgani, ungekuwa wewe ndio wizara, mtu kama mimi ungemlipia hasara gani, ya maji ama ya korona?

ExUgani aliandika:

Mama hapo umenibana. Hata huko kwao mafuriko yana mpango wake na korona ilikuwa na wake. Hapa ukweli ni kwamba ungeambiwa uandikwe kwa chifu upate unga na maharagwe na blanketi, na kesi ifungwe hapo.

SubukiaMaziwa aliandika:

Mimi nitasema kitu watu hawatapenda. Afadhali vocha. Pesa taslimu hapa ingeliwa kabla ifike Salgaa, na yenye ingebaki ingeenda kwa wenye mashamba makubwa wenye wanajua mtu ofisini. Angalau mbolea huwezi kunywa. Tena nyinyi mnasifu Marekani lakini hiyo ya kulipa kwa kichwa cha ng'ombe, si mwenye ng'ombe elfu nne ndio anakula? Mwenye watatu kama mimi angepata dola 99, nanunua nazo gunia tatu nne za chakula cha ng'ombe imeisha.

MalavaIowa aliandika:

Hapo kwa wakubwa uko sawa na hata huko watu waliandika sana juu yake. Ukilipa kwa wingi wa mali basi mwenye mali nyingi anapata nyingi, haina uchawi. Hiyo 250,000 niliyosema ni ya mtu mmoja, kampuni ya wenye hisa watatu wanaofanya kazi shambani ingeweza kufika 750,000. Na mwaka huo kwa jumla malipo ya serikali kwa wakulima Marekani yalipita dola bilioni 45, rekodi, kwa sababu hazikuwa za korona peke yake, kulikuwa na zingine za ile vita ya biashara na Uchina pia.

Wakulima weusi nao walisema mpango wa kulipa kwa ukubwa unamwacha mtu ambaye babu yake alinyimwa mkopo na akapoteza ardhi. Machi 2021 Bunge likapitisha kufuta madeni yao na ya wengine waliobaguliwa, kama dola bilioni 4, wakulima weupe wakaenda kortini, mahakama zikasimamisha, 2022 ikafutwa na kubadilishwa. Kwa hivyo hapana, si mbinguni.

Lakini kitu kimoja ningetaka hapa kwetu: malipo yale ni ya wazi. Unafungua kwa mtandao unaingiza kaunti, unaona nani alipata na alipata ngapi, jina na mwaka. Watu wa kaunti ndogo wanajuana, wanachekiana kwa kanisa. SubukiaMaziwa, hiyo kuliwa unayoogopa inaliwa gizani. Wewe umewahi kuona orodha ya vocha imebandikwa kwa ofisi ya chifu?

SubukiaMaziwa aliandika:

Sijaona. Nimeona ya basari.

KaptembwoFinest aliandika:

Na hiyo ya basari pia mtoto wa MCA (diwani wa kaunti) ako namba moja hadi namba nne

ExUgani aliandika:

Rudini kwa mada vijana.

Tofauti ya sasa na 2020 ni kwamba rejista iko. Ile mbolea ya ruzuku iliposhushwa hadi 3,500 mwaka wa 2022 halafu 2,500 mwaka wa 2023, ilibidi wakulima waandikishwe nchi nzima, kitambulisho, namba ya simu, ekari, unalima nini, una mifugo gani. Mamilioni wameandikwa. Meseji ya mbolea unayoipata inatoka humo. Kwa hivyo ukija ugonjwa mwingine, ama nzige kama wale wa 2020, sababu ya "hatuwajui" imepungua.

Shida ni kwamba mtu aliandikwa siku ile mbio mbio, wengi walitaja ekari zaidi wapate magunia zaidi, wengine waliogopa kodi wakataja chache, na tangu hapo hakuna aliyerudi kurekebisha. Ng'ombe aliyeandikwa 2023 ameshauzwa ama amekufa. Kama una karatasi za ushirika za kila mwezi za maziwa, usiwashie moto. Hiyo ndiyo hati ya pekee mkulima mdogo anayo yenye tarehe, lita na bei. Ya waru huna kitu, broka hatoi risiti.

WaruNjoro aliandika:

Mzee hapo kwa ekari ndio nilikuwa nakuja. Mimi yangu ya kwangu ni robo, hiyo waru yote ni shamba la kukodi upande wa Mau Narok, kila mwaka naweza hamia lingine. Niliandikwa na ile robo. Sasa ikitokea kulipwa hasara si atalipwa mwenye taito na yeye yuko Nairobi hata jembe hajui?

MalavaIowa aliandika:

Kwa CFAP mwenye kulipwa ni yule ambaye mazao ni yake na hasara ni yake. Mwenye shamba aliyeshalipwa kodi yake taslimu hakuwa na haki ya kuomba, amekula yake. Kama mlikuwa mnagawana mazao nusu kwa nusu basi kila mmoja anaomba nusu yake. Kwa hivyo wewe ungelipwa kwa waru yote, bora uwe na mkataba wa kuonyesha.

ExUgani aliandika:

Fuata hilo. Andika mkataba, hata wa ukurasa mmoja, ekari, mahali, kuanzia mwezi gani hadi upi, sahihi zenu na shahidi mmoja, halafu uende uombe ile rejista irekebishwe waweke unacholima, si unachomiliki.

WaruNjoro aliandika:

Nimempigia mwenye shamba sahii hivi. Anasema kukodisha ni sawa lakini karatasi hataki, ati KRA, wale wa ushuru, wataanza kumuuliza ya kodi ya miaka yote.

SubukiaMaziwa aliandika:

Wa kwangu pia alisema hivyo hivyo. Nilimwambia basi apunguze elfu mbili kwa ekari kwa sababu mimi ndio nabeba hatari yote, akapunguza elfu moja. Karatasi bado hakuna.